Maji ya kisima na tangi la samaki: jua ugumu wa maji yako kabla hujanunua samaki wala konokono

Kabla hujauliza samaki gani mzuri wa kufuga, nenda jikoni, funua birika la kuchemshia maji utazame ndani. Ukiona ukoko mweupe umegandia chini na pembeni, ule unaotoka vipande vipande ukiukwangua na kijiko, bas ushapata nusu ya jibu, mana ule ukoko ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji, na maji yale yale ndio unayotaka kumtilia samaki. Sie huku Unguja sehemu kubwa tunakaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale. Mvua ikinyesha inapita kwenye udongo, inachukua gesi ya kaboni, inakuwa na ukali kidogo, ikifika kwenye jiwe inalila taratibu, alafu wewe unakuja kuyavuta maji yale kwa pampu ukidhani ni maji matupu. Si matupu hata kidogo.

Naandika hichi kwa sababu watu wengi wananiletea habari ile ile, samaki wanakufa mmoja mmoja, maji masafi, chakula wanapewa, filta inafanya kazi, na nikimuuliza mtu maji ya wapi ananijibu "ya kisima" kana kwamba visima vyote ni kimoja. Mie mwenyewe nilipoanza nilinunua neoni tetra 12, wakawa wazuri wiki mbili tatu, alafu rangi ikaanza kufifia, wakawa wanajitenga kwenye kona, ikifika mwezi na nusu kabaki mmoja. Nilimpa dawa ya fangasi, nikabadilisha chakula, kumbe tatizo si ugonjwa, ni kwamba nimemchukua samaki wa maji laini ya Amazon nikamtia kwenye maji ya jiwe. Iliniuma, na sitaki na wewe ikupate.

Sasa ugumu wenyewe ni vitu viwili na lazima uvitenge kichwani, vyenginevyo utachanganyikiwa kila siku. Kuna GH, huu ni ugumu wa jumla, yani kalisiamu na magnesiamu zilizomo ndani ya maji. Na kuna KH, hii ni kaboneti na bikaboneti, ambazo kazi yake kubwa ni kuishika pH isiyumbe (pH ni kipimo cha ukali wa maji, 7 ni katikati, chini yake maji yana ukali wa asidi), ichukulie kama nanga, ikiwa nzito chombo hakiendi popote, ikiwa nyepesi upepo kidogo tu ushapotea. Kwa maji yetu ya jiwe la chokaa mara nyingi vyote viwili viko juu kwa sababu vinatoka mahali pamoja, ila si lazima, ndio mana vinapimwa mbali mbali. Vipimo vinahesabiwa kwa digrii, na digrii 1 ni kama miligramu 17.8 za chokaa kwa lita moja. Digrii 0 mpaka 4 maji ni laini sana, 4 mpaka 8 laini, 8 mpaka 12 ya kati, ukipita 12 yameshaanza kuwa magumu na ukipita 18 ni magumu khasa.

Na tafadhali usichanganye ugumu na chumvi. Kisima cha karibu na pwani kinaweza kuingiliwa na maji ya bahari, hasa kiangazi watu wakivuta sana, na yale maji yakawa na ladha ya chumvi. Hiyo ni chumvi ya kula, sodiamu, si ugumu, ingawa maji ya bahari yanakuja na magnesiamu yake pia. Samaki anayeitwa moli anaweza kuvumilia chumvi vizuri tu, lakini konokono wengi wa maji matamu na samaki wengine wengi hawaiwezi. Kile kipimo cha umeme kama kalamu kinachotoa namba moja ya TDS hakitakusaidia hapa, mana kinahesabu kila kilichoyeyuka, chumvi na chokaa pamoja. Mtu anaona 700 anasema maji magumu, kumbe nusu yake ni bahari.

Samaki anaathirika vipi? Samaki wa maji matamu ndani ya mwili wake kuna chumvi nyingi kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hivyo maji yanajipenyeza ndani yake saa zote kupitia ngozi na matamvua, na chumvi zake zinavuja kutoka nje. Yeye anakojoa sana ili atoe maji, na anazivuta chumvi upya kwa kutumia matamvua. Ile kalisiamu ya kwenye maji ndiyo inayoyakaza matamvua yasivuje ovyo. Samaki aliyezaliwa maji magumu, mfano moli, ukimtia maji laini sana anavuja kuliko anavyoweza kurudisha, utamuona amesimama mahali pamoja anatikisika tikisika mwili mzima haendi mbele wala nyuma, mapezi kayabana. Watu wanadhani anasikia baridi. Na yule wa maji laini ukimtia maji magumu hali ni kinyume chake, miaka nenda miaka rudi mwili wake haukuzoea kukutana na kalisiamu nyingi, kwa kadinali tetra chokaa inaweza kujikusanya mpaka kwenye mafigo. Anaishi, ndio, lakini maisha mafupi, na akitaga mayai mengi hayaanguliwi.

Kuna jambo jengine linalosahaulika, nalo ni kwamba maji laini yanazifanya metali ziwe sumu zaidi. Shaba na zinki zikiwemo kwenye maji magumu, kalisiamu inamkinga samaki kwa kiasi, lakini maji laini hayana hiyo kinga. Ukiwa unakinga mvua kutoka kwenye bati, kumbuka bati limepakwa zinki, na maji ya mvua ni laini na makali kidogo kwa hivyo yanaibeba zinki ile kirahisi. Ndio mana mie simshauri mtu ajaze tangi kwa maji ya mvua peke yake, hata kama anaona ni safi na yanatoka mbinguni.

Konokono ndio namuonea huruma zaidi, mana yeye nyumba yake yote ni chokaa, kalisiamu kaboneti, na anaibeba ndani ya maji yale yale. Maji yakiwa laini na pH imeshuka chini ya 7, gamba linayeyuka taratibu akiwa hai. Linaanzia kule kwenye ncha, kwa sababu kule ndio kukongwe zaidi, unaona weupe weupe, alafu vishimo, alafu tundu. Kule kwenye mdomo wa gamba anapoendelea kujenga, sehemu mpya inatoka nyembamba, ina mistari, inavunjika ukiigusa na ukucha. Ukitaka kujua maji yako yanamfaa konokono tazama pale mdomoni tu, ile sehemu ya miezi miwili ya mwisho, usitazame ncha. Ncha ikishalika hairudi, hata ukiyarekebisha maji leo, lakini mdomo ukianza kutoka mnene bila mistari ujue umefaulu. Kwa konokono lenga GH isiwe chini ya 8, KH isiwe chini ya 5, na pH iwe juu ya 7 kidogo. Kwa maji ya visima vyetu vingi hapo hata huhitaji kufanya kitu, na ndio mana nasema konokono ni mfugo unaotufaa sie wa maweni kuliko watu wengi wa kwengine.

Haya, tupime. Njia nzuri ni yale matone ya kupimia GH na KH, unatia mililita 5 za maji kwenye kichupa, unatonesha tone moja moja huku unatikisa na unahesabu, rangi ikigeuka unasimama, na kwa vipimo vingi kila tone ni digrii 1. Kama huku kwetu huyapati agizia mtu anayetoka Dar, kichupa kimoja kinakaa muda mrefu. Vile vijiti vya kuchovya vinafaa kwa kukisia tu.

Kama huna kabisa, tumia sabuni. Chukua chupa mbili zinazofanana, moja tia maji ya mvua na nyengine tia maji yako, kiasi sawa, kwangua sabuni ya mche ukubwa wa punje ya mtama utie kila moja, ziba, tikisa mara 20. Maji laini yatatoa povu zito linalokaa, maji magumu yatakuwa meupe kama tui bovu na povu dogo linalokufa mara moja, na utando utaelea juu. Lakini iwe sabuni ya mche au ya kipande, usitumie sabuni ya unga mana ile imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji magumu, itakudanganya. Na maji ya chumvi nayo yanaua povu, kwa hivyo yaonje kwanza. Jaribio hili halikupi namba, linakwambia upande uliopo, na kwa mtu anayeanza inatosha kumzuia asinunue samaki asiyemfaa.

Pima maji ya kisima, ya bomba, na ya tangi lenyewe kila moja peke yake. Bomba la mjini linaweza kukuletea maji ya chemchem au ya kisima cha kuchimba kutegemea mtaa na siku. Pemba nako kuna vilima, udongo mzito na vijito vingi, kwa hivyo usichukue hesabu ya Unguja ukaipeleka Wete au Chake, pima ya hapo hapo ulipo.

Ukishajua namba, chagua samaki anayeifuata. Hili ndilo ninalolitaka mulishike kuliko yote, usinunue samaki kwanza alafu ukaanza kupigana na maji. Maji utapigana nayo kila wiki mpaka uchoke, siku ukichoka samaki ndio anayelipa. Maji yako yakiwa digrii 12 mpaka 25, umebarikiwa na gapi, moli, plati na swodteli, wote hawa wanazaa hapo hapo tangini bila taabu. Sikilidi, yani samaki wa jamii ya perege, wa maziwa yetu makubwa pia. Ziwa Tanganyika lina pH karibu 9 na KH kubwa kuliko GH, samaki wake wanapenda maji ya jiwe kama haya yetu. Ziwa Nyasa maji yake kwa kweli si magumu kama watu wanavyodhani, GH yake ni ndogo tu ila pH iko juu ya 7.7 na haiyumbi, na mbuna, sikilidi wadogo wa kule, wanakaa vizuri kwenye maji ya kisima. Inanifurahisha sana kumuona mtu wa Unguja anafuga samaki wa Kigoma, wanapendeza na wanatoka nchi yetu wenyewe. Samaki wa dhahabu, beta na zebra danio hao wa katikati, wanavumilia. Neoni, kadinali na diskasi achana nao isipokuwa una maji laini ya uhakika mwaka mzima.

Na kwa vile nimetaja samaki wa kwetu, Unguja ina samaki wake mwenyewe mdogo, Nothobranchius guentheri, aliandikwa kitaalamu mwaka 1893, anaishi kwenye vidimbwi vya mvua, kidimbwi kikikauka wakubwa wanakufa na mayai yanabaki kwenye tope yakisubiri masika. Wafugaji wa Ulaya wanamjua kuliko sie. Kwa ajili yake nakuomba, usimwage gapi wala konokono wa tangini kwenye kidimbwi chochote.

Kama lazima ushushe ugumu, changanya. Hesabu yake nyepesi, kisima digrii 20, mvua karibu 0, ndoo moja kwa moja inakupa 10, ndoo moja ya kisima kwa tatu za mvua inakupa 5. Maji ya mvua yakinge baada ya nusu saa ya kwanza, ile ya mwanzo inaosha vumbi na kinyesi cha ndege na zinki, na kama una paa la vigae au turubai safi kinga hapo badala ya bati. Maji ya kunywa ya dumu ambayo yamesafishwa kwa mashine ya kuchuja chumvi nayo yanafaa, soma karatasi yake. Kuchemsha kunasaidia nusu nusu: ile chokaa inayogandia birika inatoka, KH inashuka na GH inashuka kidogo, lakini kuna ugumu mwengine hauondoki kwa moto, na gesi utakayochoma kwa lita 100 si ya mchezo. Kutia siki au ndimu ndani ya tangi ili pH ishuke usifanye kabisa. KH itaila ile asidi, pH itashuka saa chache, kesho imerudi, na samaki kapandishwa na kushushwa bure.

Ukitaka kupandisha, mfano unatumia maji ya mvua au uko sehemu ya maji laini na unapenda konokono, hapo mambo mepesi kwetu. Chukua kokoto ndogo za jiwe la matumbawe, zile za kujengea, ngumi moja kwa lita 50, zioshe mpaka maji yatoke safi bila vumbi, zitie kwenye kifuko cha wavu uziweke ndani ya filta. Uzuri wake zinayeyuka pale tu maji yakiwa laini na makali, yakishashiba zinaacha, kwa hivyo huwezi kuzidisha sana. Kama hujui jiwe ni la chokaa, litonee siki, likichemka vipovu ndilo. Na hapo hapo ujue mchanga mweupe wa pwani nao ni chokaa tupu, ukiutandika kwenye tangi la samaki wa maji laini umeharibu kila kitu. Konokono mtilie ule mfupa mweupe mwepesi wa dome unaookotwa ufukweni, uchemshe kwanza, aurambe mwenyewe. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kupondwa pia.

KH peke yake unaipandisha kwa magadi soda ya kupikia, ile ya unga ya dukani, kijiko cha chai kwa lita 50 inaongeza kama digrii 4, ila usiitie yote siku moja, gawa siku tatu nne ukiyeyusha kwanza kwenye kikombe. Lakini chokaa ya kupakia ukuta, au ya tambuu, USITIE. Ile imechomwa, si kitu kimoja na jiwe, inapandisha pH kwa ghafla mpaka samaki wanaungua matamvua. Nimeshaulizwa swali hili mara nyingi ndio mana naandika kwa herufi kubwa. Vivyo hivyo tangi jipya la saruji, lijaze umwage, lijaze umwage, kwa wiki tatu au zaidi, na upime pH kabla hujatia kiumbe.

Kisha lishike lisiyumbe, mana samaki anavumilia namba ambayo si yake kuliko anavyovumilia namba inayobadilika. Kosa kubwa la huku ni kujazia. Wakati wa kaskazi joto na upepo vinakausha maji, yanayopotea ni maji matupu, chokaa inabaki, wewe unajazia kwa maji ya kisima yenye chokaa nyengine, miezi sita baadae ulianza na 18 uko 30. Kwa hivyo kilichokauka jazia kwa maji ya mvua au ya dumu, na kila wiki toa robo ya tangi utie maji mapya yale yale uliyozoea. Masika ikija usishawishike kubadilisha kila kitu kuwa mvua kwa sababu ndoo zimejaa. KH ikishuka chini ya 3 vile vijidudu vya filta vinavyosafisha taka navyo vinaila iliyobaki, na siku moja pH inaanguka usiku, asubuhi unakuta msiba.

Na upande wa pili, maji magumu yenye pH 8 yana hatari yake. Taka za samaki zinatoa amonia, na kwenye pH 8 ile sehemu yenye sumu inakuwa kama mara 10 kuliko kwenye pH 7, joto letu la digrii 28 au 29 linaongeza tena. Kwa hivyo sie wa maji magumu tusijaze samaki wengi kwenye tangi dogo na tusilishe kupita kiasi.

Konokono usiende kuokota bondeni wala kwenye vijito. Kichocho huku kinabebwa na konokono wa maji matamu, Bulinus, Unguja na Pemba wapo, na kuwashika kwenyewe maana yake umetia mikono na miguu kwenye maji yale. Chukua kwa mfugaji aliyewazalisha tangini. Na ukitibu samaki soma chupa ya dawa, ikiwa na shaba konokono wote watakufa hata ikiwa kidogo.

Samaki wapya muulize muuzaji maji yake digrii ngapi. Kama tofauti na yako ni kubwa, na samaki hajakaa kwenye mfuko muda mrefu, mtie kwenye ndoo na maji yake, chukua mpira mwembamba wa pampu ya hewa, uufunge fundo, utoneshe maji ya tangi matone mawili matatu kwa sekunde kwa saa moja mpaka ndoo iwe imeongezeka mara tatu, alafu mtoe na wavu, maji ya ndoo mwaga. Lakini akiwa kasafiri na boti tangu asubuhi, usimuache kwenye mfuko uliofunguliwa, mana ukifungua gesi ya kaboni inatoka, pH inapanda na amonia iliyolala inaamka. Huyo bora umuandalie ndoo ya pili mapema yenye ugumu unaokaribiana na kule alikotoka, umtie mara joto likilingana, alafu umpandishe taratibu kila siku kwa kikombe cha maji yako, wiki moja au mbili, ndio ahamie tangini. Konokono akifika mfanyie vile vile, na usishtuke akijifungia siku mbili, mnuse tu, akiwa mzima hanuki.